Maji Matupu ya Leokadia

Simu ilipigwa na binti nisiyemjua. Alijitambulisha kuwa katibu wa kamati ya kumuaga Mama Kizito anayestaafu, nami nikamwambia kwa upole kwamba amekosea namba. "Sijakosea, baba," akasema. "Mama amesema sherehe haifanyiki mpaka upatikane. Amesema tukikupata tukuulize kama bado unafuga simbilisi." Hapo nikaketi. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeweza kunitania kwa simbilisi, na nilipomfahamu mimi hakuwa Mama Kizito. Alikuwa Leokadia, mwosha vyombo na mpika maji wa maabara ndogo niliyofanya kazi kwa mwaka mmoja pale Ifakara, miaka ya tisini, nilipokuwa kijana mwenye shahada moja na majivuno ya shahada nne. Kamati ilitaka niseme maneno machache kwa sababu, alivyoeleza yule binti, "wewe ni mtu wa magazeti." Nilikubali haraka mno, kama mtu anayetafutwa na polisi akasema atajipeleka mwenyewe. Kisha nikafungua sanduku la makaratasi na kutafuta karatasi moja ndogo, ukubwa wa kiganja, ambayo nimehama nayo nyumba sita bila kumwonyesha mtu, hata mke wangu.

Nilishuka kwenye treni mwezi wa kwanza, na sanduku la bati na suti moja ambayo joto la bonde lile lilinikataza kuivaa tangu siku ya kwanza. Kituo nilichofanyia kazi sitakitaja jina. Hakikuwa na kosa lolote isipokuwa la kunipokea. Nilipanga chumba Mlabani, kwenye nyumba ya mama mmoja mkulima wa mpunga aliyeamini kwamba kijana mwembamba ni aibu ya mwenye nyumba, kwa hiyo asubuhi nilikula wali uliolala uliokaangwa kwa kitunguu, na jioni wali uliopikwa upya kwa perege, na katikati nilikula nilichokipata. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya jengo la kufulia, zamani stoo ya magodoro, na mvua ilipokaribia kuta zilitoa harufu ya sponji iliyolowa. Kulikuwa na darubini ya kioo cha kunasa mwanga wa jua, mashine ya kuzungusha mirija kwa mkono, kabati la mbao lenye balbu ndani ambalo tuliliita kabati la joto, na friji la mafuta ya taa lililotoa moshi kama mzee anayevuta kiko. Dirishani, ng'ambo ya uzio, watu walipita na baiskeli zilizobeba magunia, na wengine walisimama kututazama. Nilidhani wanatazama sayansi. Leokadia aliniambia wanatazama simbilisi tuliowafuga kwa majaribio, wanakadiria unono wao.

Lazima nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo kosa langu litaonekana dogo. Ndani ya mwili mna seli kubwa zinazoitwa makrofeji. Hutembea polepole katikati ya nyama, zikimeza vijidudu na takataka. Kuna askari wengine wa mwili ambao lazima wafundishwe kwanza adui ni yupi, lakini hawa wamezaliwa wakijua. Wakinusa tu kitu cha kijidudu hubadilika tabia palepale. Jambo lililonileta Ifakara ni kwamba ukikata kipande cha uvimbe wa saratani na kukitazama kwa darubini, unawakuta humo, wengi, na uvimbe unaendelea kukua kana kwamba hawapo. Daktari aliyenisimamia, ambaye alikaa Dar es Salaam na kututembelea mara chache, alitaka kujua kama ndani ya uvimbe mna kitu kinachowafanya waache kutembea. Nilimweleza Leokadia haya siku ya pili, kwa maneno marefu, nikichora ubaoni. Alikuwa anafuta glasi kwa kitambaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni mgambo hao. Wameitwa kwenye fujo, wamefika, wamekaribishwa chai." Nilicheka, na moyoni nikajiambia kwamba ni raha kufanya kazi na watu wa kawaida. Nayaandika maneno haya kama nilivyoyawaza, ili msomaji ajue mapema Leokadia alikuwa anashughulika na kijana wa aina gani.

Leokadia alinizidi miaka kama mitatu. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mikavu ya mtu wa sabuni, na alisema Kiswahili cha taratibu chenye uzito wa Kipogoro katikati, hasa alipoudhika. Aliniita Msomi. Mimi nilimwita dada Leo. Mkuu wa kituo alikuwa amemwahidi kwamba mwaka utakaofuata atapelekwa kozi ya ufundi wa maabara, na kwa ajili hiyo alikuwa na daftari alilonakili majina ya vyombo vyote kwa mwandiko wa shule ya masista, herufi zimeegemea upande mmoja kama mpunga kwenye upepo. Kazi yake kubwa ilikuwa maji. Mtambo wa kukeneka maji, wa kuyatakasa kwa mvuke, ulikuwa umeungua kabla sijafika, na kipuri chake kilikuwa "njiani," mahali ambapo nadhani kiko hadi leo. Maji ya dripu yalikuwa ya wagonjwa, hatukuruhusiwa kuyagusa. Basi Leokadia alikinga maji ya mvua kwenye tangi la bati, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayachemsha kwenye jiko la mkaa mpaka yafurukute kwa muda wa rozari nzima, akayamimina mtungini yatulie siku mbili ili vumbi lishuke, kisha akayachemsha tena. Mara mbili. Bonde zima lilikuwa linahubiriwa kuchemsha maji. Kuta za kila ofisi zilikuwa na picha ya sufuria inayotoa mvuke. Sikuwahi kuona mtu aliyeitii picha ile kama Leokadia. Nami niliringia maji yale kana kwamba nimeyachemsha mimi. Nilitia chumvi kwa kipimo, nikasagia humo vipande vya uvimbe vilivyobaki kutoka chumba cha upasuaji.

Jaribio lilikuwa hivi. Unachukua mgambo kutoka tumboni mwa simbilisi aliyekwisha kulazwa usingizi wa kudumu, unawashindilia ndani ya mrija wa kioo mwembamba kama njiti, unaulaza mrija kwenye kisahani chenye majimaji ya kuwalisha yaliyoletwa kutoka ng'ambo, unafunika, unatia kwenye kabati la joto. Siku ya pili, kama wako huru, wanakuwa wametambaa nje ya mdomo wa mrija na kutandaa. Chini ya darubini umbo lake ni kama sketi ya mwanamke anayezunguka. Neno hilo ni la Leokadia, na ndilo tulilotumia hata kwenye daftari rasmi: sketi kubwa, sketi ndogo, hakuna sketi. "Leo mgambo wamevaa?" aliniuliza kila asubuhi kabla ya salamu. Nilipoongeza tone la uvimbe uliosagwa, hawakuvaa. Walibaki ndani ya mrija, wamebanana mlangoni, hai kabisa, hawatoki. Kisahani cha pembeni, chenye majimaji ya kuwalisha peke yake, sketi ilitanda vizuri. Nikarudia. Hawakutoka. Nikarudia kwa uvimbe wa mgonjwa mwingine. Hawakutoka. Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa pili Leokadia aliingia na chupa ya maji mapya, akasimama mezani kwangu, akasema jambo fulani. Nilikuwa naandika namba zangu kwa wino wa bluu. Nikasema, "Weka hapo, dada," bila kuinua kichwa. Akaweka.

Wiki hiyohiyo nilimwandikia Daktari barua ya kurasa nne. Jibu lake lilikuwa la nusu ukurasa na lilinilevya kwa mwezi mzima: kama matokeo yatasimama, ataniandikia barua ya kunipeleka kusoma nje. Nilianza kutembea kama mtu aliyekwishapanda ndege. Siku za kliniki nilikuwa nakwenda kukaa kwenye benchi na wagonjwa, jambo ambalo hakuna aliyeniomba nilifanye. Hapo ndipo Mzee Kaspari wa kijiji cha Mbingu aliponizoea. Alikuwa mkulima, ametolewa uvimbe pajani ukarudi, na kipande cha ule wa kwanza kilikuwa kwenye mirija yangu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Kipande changu kimesemaje?" Nikamwambia kinasema mambo makubwa. Nikamwambia tumegundua kuwa uvimbe wake unawafunga miguu askari wa mwili. Aligeukia wenzake kwenye benchi. "Mmesikia? Wamefungwa miguu!" Kila alipokuja baada ya hapo aliuliza, "Wamefunguliwa?" Aliuliza kwa mzaha, lakini macho yake hayakuwa na mzaha, na mimi badala ya kunyamaza nilisema, "Tunakaribia, mzee." Sijui nilikuwa nakaribia nini.

Masika yalipoanza njia ya kwenda mjini iligeuka tope, na tukawa tunakula mchana palepale maabara, wali wa Leokadia kwenye bakuli la bati lililofunikwa kwa sahani, na matembele niliyoyaita ya simbilisi kwa sababu aliyachuma kwenye bustani ileile. Ilikuwa mwezi wa tatu. Nakumbuka kwa sababu tulikula bila nyama wala samaki, ni Kwaresima, na yeye alinilazimisha nijinyime naye. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata ikabidi tupaze sauti. "Msomi," alisema, "nikuulize kitu cha kijinga?" Nikamwambia hakuna swali la kijinga katika sayansi, sentensi ambayo nilikuwa nimeisikia chuoni na kuipenda. "Kile kisahani cha pembeni hukitii maji yangu. Unakitia yale ya ng'ambo tu. Sasa maji yangu matupu, bila uvimbe ndani yake, umeyajaribu?" Nikatafuna. "Ya nini?" "Uone kama mgambo wanavaa." "Dada Leo, maji yako yamechemka mara mbili. Hakuna kitu humo. Ni kama hayapo." "Hayapo vipi na mimi nayabeba kichwani?" Nikacheka sana, mpaka wali ukanipalia. Akanipiga mgongoni, naye akacheka, akakusanya vyombo. Hakuuliza tena. Nimeirudia ile dakika mara nyingi kuliko dakika nyingine yoyote ya ujana wangu, na kila mara kinachonikera ni kile kicheko chenyewe. Kilikuwa cha urafiki wa kweli. Mtu mbaya angekuwa rahisi zaidi kumlaumu.

Daktari alikuja mwezi wa saba, kiangazi, mpunga umekwisha kuvunwa na mji mzima unanukia pepeta, mpunga mpya uliokaangwa na kutwangwa. Alikuwa mtu mkavu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alilisoma daftari langu lote amesimama. Leokadia alikuwa chumba cha pili anaosha mirija; nilisikia glasi zikigongana, kisha nikasikia zimeacha kugongana. "Kazi safi," Daktari akasema. Nikapumua. "Kisahani cha maji matupu kiko wapi?" Nikamwambia kisahani cha pembeni kiko ukurasa wa kila jaribio. "Hicho ni cha majimaji ya ng'ambo. Nauliza maji uliyosagia uvimbe, bila uvimbe." Nikasema maji yale yamechemshwa mara mbili. Alivuta kiti, akaketi, na ninakumbuka kwamba alipunguza sauti, kama watu wanavyofanya wanapomhurumia mjinga. "Kuchemsha kunaua vijidudu. Hakuzoi maiti zao. Maji yakikaa mtungini siku mbili wanazaliana, ukiyachemsha tena umeongeza maiti. Wewe ukiyanywa hudhuriki. Lakini hizi seli zinanusa ngozi ya kijidudu hata kikiwa kimekufa. Zikiinusa zinajua vita vimefika, zinasimama mahali pake na kujiandaa. Hazitembei." Akafunga daftari. "Inawezekana huna habari ya uvimbe hata kidogo. Inawezekana umepima mtungi kwa miezi sita." Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa na majibu yake mawili, yote ya kweli. "Nani anatengeneza maji?"

Jibu moja lilikuwa refu. Lingeanza na wali wa Kwaresima na kumalizika na kicheko changu, na barua ya kwenda nje ingefia hapohapo, maana hakuna anayempeleka ng'ambo kijana aliyeambiwa kosa lake mapema akalicheka. Jibu la pili lilikuwa neno moja. "Leokadia," nikasema. Sikumlaumu. Sikusema uongo. Nilitaja tu jina, kwa sauti ya kawaida, na mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi. Daktari akaandika. Jioni yake alizungumza na mkuu wa kituo, sijui walisema nini, na Jumatatu iliyofuata Leokadia alihamishiwa kufua, mlango wa tatu kutoka kwetu. Kozi haikutajwa tena. Alipokuja kuchukua daftari lake la majina ya vyombo, nilikuwa nimejiinamia kwenye darubini ambayo haikuwa na kitu chini yake. "Haya, Msomi," akasema. "Haya, dada." Nilingoja aseme jingine. Aliwatupia simbilisi majani yaliyokuwa yamebaki kwenye ndoo, akatoka.

Daktari alikuwa amenipa chupa mbili za maji ya dripu alizokuja nazo. Nikafanya kwa siku nne kile nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Maji matupu ya Leokadia, bila uvimbe: hakuna sketi. Uvimbe wa Mzee Kaspari uliosagwa kwa maji ya dripu: sketi kubwa, nzuri, ya kuzunguka. Uvimbe haukuwa umemfunga mtu miguu, angalau si kwa jaribio langu. Nilikaa pale nikitazama mgambo wale waliotandaa, nikaona hasira inanipanda, na jambo la aibu ni kwamba nilimkasirikia kila mtu kwa zamu: mtambo ulioungua, kipuri kilicho njiani, mvua, mtungi, chuo kilichonipa shahada bila kunifundisha ukurasa huo, au kilichonifundisha nikiwa nimesinzia. Zamu yangu ilifika mwisho kabisa. Ilipofika, nilichana karatasi ndogo nikaandika matokeo yote mawili, na chini yake: *Leokadia aliniuliza jambo hili mwezi wa tatu. Nilikataa.* Niliandika ili nimpe Daktari, aliyekuwa anaondoka kesho yake. Nikaitia kwenye mfuko wa koti langu la maabara. Asubuhi nilimsindikiza mpaka treni nikiwa nimevaa koti lile, tukazungumza kuhusu mvua za Mang'ula, nikambebea begi, nikamwambia kwa mdomo kwamba ndiyo, ni maji. "Umefanya vizuri kuhakikisha," akasema. Karatasi ilikuwa kifuani kwangu. Mkono haukwenda.

Ijumaa makoti yalikwenda kufuliwa, kama kawaida. Nilikuwa nimekwisha kusahau mfuko, au nasema hivyo. Jumatatu koti lilirudi jeupe, limekunjwa, na nilipolivaa nilisikia kitu kigumu kifuani. Ilikuwa ile karatasi. Wino ulikuwa umefifia lakini unasomeka. Nayo ilikuwa imenyooka kabisa, haina kunyanzi hata moja, na kwenye kona yake palikuwa na alama hafifu ya kahawia ambapo pasi ya mkaa ilikawia kidogo. Karatasi iliyolowa haijinyooshi yenyewe. Niliirudisha mfukoni nikafanya kazi mpaka jioni. Kufulia kulikuwa mlango wa tatu. Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi na mbili nilipita mbele ya mlango ule kila siku, nikisema "Habari za kazi?" na kujibiwa "Nzuri, Msomi," na nikaendelea na mwendo kama mtu mwenye miadi.

Barua ya Daktari ilikuja mwishoni mwa mwaka. Ilinisifu kwa uaminifu. Ilisema ni kijana ambaye, alipogundua kasoro katika maji, hakusita kubatilisha matokeo yake mwenyewe. Kwa barua hiyo nilikwenda nje, nikasoma miaka miwili, nikagundua kuwa sipendi maabara, nikarudi kuandika makala za kuchekesha kuhusu watu wanaojiona wanajua. Mzee Kaspari alikuwa amefariki kabla sijaondoka; mara ya mwisho aliponiuliza kama wamefunguliwa nilimwambia bado, na akasema, "Basi wana kazi." Mwishoni mwa muongo uleule wataalamu wa nchi za mbali walieleza vizuri kile kinachozifanya seli zile zinuse maiti za vijidudu, kitu kama kufuli juu ya ngozi ya seli zenyewe, na siku hizi wengi wanachunguza hilohilo ndani ya uvimbe: ishara gani huziita, ishara gani huzikalisha. Nasoma habari hizo kama mtu anayesoma matangazo ya harusi ya mchumba wake wa zamani. Mwanamke aliyekuwa mlango wa tatu alikuwa amegusa ukingo wa swali lile akiwa na bakuli la wali mkononi, na mimi nikapaliwa.

Sherehe ilikuwa mchana, kwenye ukumbi wa parokia, viti vimevishwa vitambaa vya zambarau. Mama Kizito alikuwa amenenepa na kuvaa miwani, na aliponiona alisema mbele ya watu wote, "Huyu hapa! Wako wapi simbilisi?" Nikamkumbatia, nikasikia harufu ya sabuni. Nilikuwa nimejiandaa. Nilipopewa kipaza sauti nilisema yote, bila mapambo: kwamba mwezi wa tatu mwaka ule mama huyu aliniuliza swali ambalo mimi mwenye shahada nilipaswa kujiuliza, kwamba nilimcheka, kwamba alipolaumiwa nilinyamaza, na kwamba kozi yake ilipotea kwa ajili ya ukimya huo. Kisha mshereheshaji akanyakua kipaza sauti. "Jamani, huo ndio unyenyekevu! Msomi mzima anajishusha hivyo! Makofi kwa Profesa!" Mimi si profesa. Vigelegele vikapigwa, mtu wa muziki akafungulia spika, akina mama wa kufulia waliofanya kazi naye wakatoka kucheza, na mjomba mmoja akanishika mkono akaniambia nimechekesha sana. Nimesubiri miaka thelathini kukiri, na nilipokiri nikatuzwa soda.

Leokadia alikuja kuketi kando yangu na sahani ya pilau, akavua viatu chini ya meza. "Kaka, una sauti nzuri," akasema. "Hawajasikia hata neno." "Mimi nimesikia." Nikatoa karatasi mfukoni nikaiweka mezani. Hakushtuka. Aliisogeza mbali na sahani ili isipate mafuta. "Bado imenyooka," akasema. "Uliisoma?" "Ningeipigaje pasi bila kuisoma? Ililowa, nikaianika dirishani, nikaibandika chini ya kitambaa. Mkaa ulikuwa umekolea, kona ikaungua kidogo. Iliniuma ile kona." Nikamuuliza kwa nini hakuipeleka kwa mkuu wa kituo, ingemrudishia kozi. Alitafuna mpaka akamaliza. "Haikuwa yangu. Ilikuwa mwandiko wako. Nikasema, akiikuta imenyooka atajua imepita mkononi mwangu, basi atakuja. Mlango haukuwa mbali." Alivaa miwani vizuri, akaisoma tena polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akatikisa kichwa. "Lakini umekosea hapa."

"Wapi?"

"Mwezi wa tatu ulikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa pili, nimesimama na chupa mezani kwako. Ukaniambia niiweke hapo." Akanyoosha mkono. "Una kalamu?"

Nikampa. Akakata neno "tatu" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake "pili," herufi zimeegemea upande uleule. Akapuliza wino ukauke, akaikunja karatasi mara mbili, akafungua mkoba wake. "Sasa na mwandiko wangu umo," akasema, akaitumbukiza, akafunga zipu. Walikuwa wanamwita kukata keki. Alitafuta viatu kwa vidole vya miguu, akainuka, akaenda kwa wenzake huku anaanza kucheza kabla hajafika. Kalamu yangu pia aliondoka nayo.